Tela la Somoe

Kabla ya mlima wa Newala, Somoe hushuka,
hulizunguka tela lake, hulitikisa
kama anayeamsha mgonjwa.
Ndani, kijiko kimoja kinamjibu.
Anaingia kukisaka.

Sahani: kati ya kila mbili kipande cha kanga kuukuu,
jina lilishafutika.
Vikombe vimo ndani ya soksi za marehemu Chilumba.
Chupa ya chai imekabwa na vifuko vya mbaazi, huku na huku.
Mlango wa kabati ameufunga kwa mpira wa baiskeli,
fundo la kufunguka kwa kidole kimoja,
maana usiku wa manane mtu anataka chumvi,
hataki mtihani.

Mwaka jana alipuuza. Kona ya pili tu,
asali ikatambaa mpaka godoroni,
na siafu wa Nagaga wakalala naye wiki nzima.

Sasa anapanda. Gia ya kwanza, mawe, vumbi jekundu.
Anategea sikio nyuma: kimya.
Hata kijiko.

Juu, karibu na mnada wa korosho, anaegesha,
anaweka jiwe gurudumuni, anajilaza.
Vyombo vyote vimetulia palepale.
Yeye ndiye anayeserereka,
kona baada ya kona,
hadi alfajiri.