Bega la Kulia

Miaka arobaini na mmoja nimeinamia tanuri, Telavi,
tanuri la udongo lenye umbo la kisima,
nikibandika donge kwa kiganja, ndani, ukutani,
pap,
kisha naopoa mkate kwa kulabu.
Bega halikuwahi kunidai.
Siku moja ya Machi, kwa ndoo nusu ya maji,
likasema: basi.

Nilidhani ni baridi. Nikalisugua kwa chacha,
Vazha akanung'unika: pombe ya zabibu ni ya kunywa.
Usiku ndio uliotoa ushahidi.
Nikilalia kushoto, linavuta; nikilalia kulia, silali.
Nywele nilizozisuka mwenyewe tangu utoto
zikawa kazi ya mwanamume
anayejua kufunga mizabibu tu.
Alinifunga kama mzabibu.

Tbilisi, Daktari Tsotne aligeuza kioo tuone sote.
"Huu weupe ni maji,
pale palipopaswa kuwa na kano.
Imechanika, ikarudi nyuma,
kama kamba ya kiuno iliyozama ndani ya pindo la suruali."
Na msuli? "Umeanza kugeuka mafuta. Kidogo."
Akataja mazoezi, akataja sindano, akataja kisu.
"Una miaka sabini na mitatu, mama.
Kushona naweza.
Kama nyama itaukubali uzi, hilo siahidi."

Nilimpenda kwa neno hilo.
Hata donge langu, kuna siku halikubali ukuta.

Matundu manne, kamera nyembamba kama penseli,
nanga tatu ndogo zikapigwa mfupani.
Wiki sita mkono kifuani, ndani ya kombeo,
nikisinzia kitini
kama abiria aliyepitishwa kituo chake.
Halafu Eteri wa mazoezi na ukuta wake:
vidole vipande kama buibui,
vikikwama, piga mstari.
Ukuta wa jikoni ungali na mistari hiyo
kando ya vimo vya wajukuu.
Wao walikua upesi zaidi.

Mwaka ulipotimia nikapigwa picha tena.
Daktari akanyamaza
kama mtu aliyefunua sufuria akakuta tupu.
"Imeachia," akasema. "Si yote. Upande wa mbele."
Kisha, karibu kwa haya: "Linauma?"

Nikauinua mkono,
nikachomoa chanuo kwenye nywele zangu,
nikalirudisha.

Tukatazamana, mimi, yeye na ile picha,
hakuna aliyejua nani amemdanganya nani.

Tanurini siku hizi huinama Vazha.
Mikate yake imepinda, mingine humwangukia majivuni
naye humtukana marehemu aliyelijenga.
Mimi nakanda.
Nasuka nywele kabla hajaamka.
Na usiku, nageuka,
nalalia kulia.