Hatua Nane

Kazi yangu ni kusoma mita za maji,
Kirumba hadi Pasiansi, nyumba kwa nyumba.
Nafukuzwa na mbwa, naandika tarakimu.
Ndiyo maana Minza, binti yangu, aliniuliza
kijiko kikiwa bado mdomoni:
"Baba, ziwa nalo lina mita?"
Halina, mwanangu.
"Basi likizo hii tukaogelee bure."

Bure! Neno hilo limenitembeza Jumamosi tatu.

Ufukwe wa kwanza ulikuwa na geti,
na kijana wa risiti, na spika kubwa kama kabati.
Nikapiga hesabu: sisi sita, mama mkwe wa saba,
chakula kutoka nyumbani hakiruhusiwi.
Nikamwambia kijana nimesahau pochi.
Pochi ilikuwa mfukoni, inanisikia.

Wa pili, kule nyuma ya Luchelele,
ulikuwa mzuri kama picha ya kalenda:
matete, kivuli, maji hayatikisiki.
Nikachuchumaa. Nikaokota konokono mmoja, mwingine,
wadogo kama punje za mahindi,
nikakumbuka darasa la tano, mkojo mwekundu wa Shija,
na vidonge tulivyogawiwa shuleni
baada ya kupimwa urefu kwa kijiti.
Maji yaliyotulia yana mambo yao.
Nikayaacha palepale, yamependeza.

Wa tatu siusemi sana.
Magugumaji yalikuwa yamenitangulia,
na juu yake ndege mmoja anatembea
kwa dharau, kama mwenye hati ya kiwanja.

Mke wangu akasema: nunua beseni.
Mama mkwe, aliyezaliwa Ukara
na ambaye, kwa maneno yake, aliogelea kabla hajajua kusema,
hakutia neno. Alikuwa anachambua mchele,
ananitazama kama unavyomtazama mtu
anayetafuta miwani aliyoivaa.

Jumamosi ya nne nikaenda naye.

Hata maji hakuyatazama. Alikwenda moja kwa moja
kwa mwanamke aliyekuwa anaanika dagaa pale Kayenze.
Wakasalimiana muda wa kuivisha maharage,
habari za wafu kwanza, kisha za walio hai,
ndipo akauliza, kama anayeuliza bei ya kisado:
watoto wenu huoga wapi?

"Pale, kati ya lile jiwe
na lile lililopakwa chokaa na mnandi.
Hapana majani, mawimbi yanapasugua.
Asubuhi tu, kabla upepo haujageuka.
Mchanga unashuka hatua nane za mtu mzima.
Ya tisa," akageuza dagaa, "ya tisa ni ya ziwa."

Na mamba? nikauliza.
"Mkiona sisi tumetoka, tokeni."

Basi Jumapili tulikuwa pale, jua changa,
viazi kwenye hotpoti, sato wa jana kwenye gazeti.
Nikafunga kamba ya katani, jiwe hadi jiwe,
nikaining'iniza madumu matupu ya mafuta yaelee
penye hatua ya nane. Nilizihesabu mara tatu.
Watoto wakaingia kwa kelele
ambazo nyumbani ningezikemea.

Mimi sijui kuogelea.
Hilo halijaandikwa kwenye daftari lolote.
Nilisimama kwenye kamba, maji kifuani,
mikono nimeitanua, nikawa geti,
geti lisilo na risiti, linalotetemeka magoti.

Ndipo mama mkwe akapita.
Kanga kaifunga kifuani kwa fundo moja,
akainama chini ya kamba bila hodi,
ya tisa, ya kumi,
kichwa kikawa dumu, kikawa ndege, kikawa nukta.

"Baba," Minza akasema, "bibi kafika hatua ya ngapi?"

Miaka kumi na nne nimesoma maji ya watu.
Nikafungua mdomo, ukaingia ziwa kidogo.

Upepo ukageuka. Dagaa wakafunikwa.
Wanawake wakatoka, nasi tukatoka, tunahesabiana,
wote isipokuwa mmoja
ambaye hakuwa na haraka,
alikuwa anarudi chali,
anatazama mawingu ya upande wa Ukara.