Kitenzi cha Kitanda

Luhende amenipa daftari na kalamu ya bluu:
nimtungie karatasi ya bei, kwa Kiingereza,
wateja wa migodini waelewe tunachofanya.
Tunachofanya ni Fuso moja, kamba, magunia matupu
na vijana wanne wa Igogo wenye mabega.

Nimeandika kichwa cha habari, nikakwama.
Lugha ile ina kitenzi kimoja kama mkoba wa fundi,
kila kitu hutiwa humo:
kabati likivuka chumba, familia ikihama mji,
hata moyo ukiguswa na msiba.
Mimi nimezoea kuchagua.

Meza husogezwa. Friji husukumwa, taratibu,
maana gesi yake ina hasira.
Godoro hujitwikwa, na aliyejitwika haoni aendako.
Kochi huinamishwa mlangoni kama mgeni mrefu.
Kioo hakiburutwi; kioo huegemezwa,
na aliyekiegemeza hukawia hapo akijitazama.
Minza wa stoo hatuachi: "Wasukuma, sukumeni!"
nasi tunasukuma,
jina na kazi vikigongana begani.

Jumamosi ilikuwa zamu ya nyumba yetu.
Mabatini, juu kabisa, ambako nyumba zimekalia mawe
kama kuku wanaotamia mayai yasiyoanguliwa.
Fuso haifiki. Mkokoteni haufiki.
Kila ulichonacho hushuka kwa miguu ya watu.

Mama kasimama kizingitini, kanga kiunoni:
"Kabati msiburute, sakafu hiyo nimeisugua mimi.
Stuli zipangeni. Nimesema pangeni, sijasema rundikeni.
Redio utaipakata, Shija, mpaka Buhongwa."

Pakata!
Nililitafutia Kiingereza njia nzima,
toka jiwe la kwanza hadi lami,
nikapata maneno matano yaliyoshikana mikono
na bado mtoto hayumo.

Kikabaki kitanda.
Cha mninga, futi tano kwa sita, kutoka kwa fundi wa Mkuyuni
ambaye baba alimlipa kwa awamu na sato wawili.
Vijana walishika miguu minne, wakangoja kitenzi.
Inua? Pindua?
Toa hatukuthubutu;
toa ilikwisha kutumika Januari, humo humo chumbani.

Mama hakuwatazama.
Aliingia, akaweka kiganja ubaoni, upande wa ukutani,
akasema, "Sogea."

"Tusogeze, mama?" Shija akauliza.

"Sogea," akarudia, si kwake. "Sogea kidogo, nipate pa kulala."

Miaka thelathini na mmoja, kila akitoka kuzima taa,
neno hilo hilo, kwa mwanamume
aliyelala kama mtu aliyenunua kitanda peke yake.

Zeti moja tu imedondoka.
Ikiwepo, kitu kinasogezwa, hakina usemi.
Isipokuwepo kuna mwenyewe, anasikia,
anaguna, anampisha mwenzake.

Kitanda kiligonga fremu, kikabandua rangi.
Mama, ambaye angefoka kwa stuli, hakufoka.
Alishuka nyuma yake jiwe kwa jiwe,
ziwa likimeta huko chini bila kuulizwa.

Leo Jumatatu. Luhende anaitaka karatasi yake.
Nimeandika lile neno lao moja, bei pembeni,
kituo, mstari chini.
Kwa friji, litatosha.