Lakabu

Saa tisa usiku. Kipimajoto kimeshuka
hadi ishirini na saba chini ya sifuri,
nami nimeingia ndani na theluji kwenye kope,
namba tatu nimezibeba kichwani kama maji kiganjani:
joto, upepo, kina cha theluji.
Niziandike kabla hazijavuja.

Lakini kwanza, mstari.
Jina la kihariri, nafasi, mkwaju,
folda ya stesheni, mkwaju, mwaka, mkwaju,
mwezi, kistari, jina la barafuto
lenye herufi kumi na moja,
nukta, kisha herufi tatu za mkia.
Vidole vyangu saa hii ni vya mtu mwingine.
Nakosea herufi ya tisa,
na dirisha jeusi, bila chuki wala huruma,
linanifungulia ukurasa mtupu
kana kwamba hapa juu ya Naryn
hakuna aliyewahi kupima chochote.

Jumakadyr aliuandika mstari huo miaka kumi na tisa,
mara nane kwa siku,
hadi magoti yalipomshusha bondeni.
Akinikabidhi funguo alinionyesha
jiko linapovujisha moshi,
kamba ya kushika wakati wa dhoruba,
mahali pa kuficha sukari panya wasiione.
Kuhusu mstari hakusema kitu.

Kulipokucha nikasema: basi.
Kinachoitwa mara nane kwa siku kinastahili lakabu.
Hata mama hamwiti mwanawe kwa jina la kwenye cheti
mtoto akiwa hatua moja na moto.

Nikalifungua lile faili linaloanza na nukta,
lisiloitika orodha inaposomwa,
ambamo mashine husoma desturi za nyumba
kila dirisha linapozaliwa.
Nilitaka herufi moja tu.

Nikakuta nimetanguliwa.

Lakabu: herufi j, alama ya usawa,
na ile njia ndefu yote imelazwa kati ya alama za kunukuu.
Mbele yake alama ya reli,
inayoifanya mashine iupite mstari kama haiuoni.
Chini, maneno yake:
*Nimeiondoa. Ilikuwa inaniharakisha.
Tarehe nne nimeandika upepo wa jana.*

Chai ikapoa mkononi.
Kumbe ule mstari ulikuwa kizingiti chake.
Hapo alikung'uta viatu,
akazitaja namba zake moja moja,
akajiuliza kama kweli alizisoma
au alizikumbuka tu.

Ni kweli.
Ila kidole changu cha shahada
hakina hisia tangu Januari,
na heshima kwa mtangulizi haipashi mikono joto.

Sikuigusa reli yake.
Nikayaacha maneno yake pale pale,
chini yake nikapanda yangu.
Si herufi moja. Nne: *kara*.
Kwetu Wakirigizi *kara* ni weusi,
na *kara* ni tazama,
neno lile lile, ukilisema huku umenyoosha kidole.

Nikahifadhi. Nikaita.
Amri haijulikani.
Bila shaka: dirisha lile lilizaliwa kabla ya jina.
Nikalifunga, nikafungua jingine,
nikaita tena, na majira yote ya baridi
yakajipanga mbele yangu, safu kwa safu,
hadi pale namba za jana zilipokoma.

Saa sita mchana redio inakoroma kutoka Bishkek:
Begimai, namba zako?
Nimetoka nje sasa hivi, ninazo,
upepo mita sita kwa sekunde.
Nachapa k. Nachapa a.
Kwenye r shingo inageuka yenyewe kuelekea kioo.

Vikombe vya kipimaupepo vimesimama.
Hata moshi wa jiko letu umenyooka
kama mtu aliyeitwa jina lake kamili.

Subirini, naiambia redio,
na kutafuta glavu.