Linasimama kwa Ngapi

Fundi Nakunda alichovya bisibisi kwenye kikopo,
akaiinua mbele ya macho yangu:
"Kahawa ya matanga hii. Mafuta ya breki
huingia humu na rangi ya asali."
Yalikuwa yamekunywa maji miaka kumi na moja,
kimyakimya, kama mlevi wa chumbani.
"Yakipata moto yanachemka.
Yakichemka, kaka, unakanyaga povu."

Gereji ya Pasua, Jumamosi, rasharasha,
mlima leo haupo.
Karina ya marehemu baba iko juu ya vigogo,
magurudumu yamevuliwa kama viatu mlangoni.

Baba aliinunua imeshatumika, akaipenda
kwa jinsi ilivyoamka asubuhi za baridi.
"Linawaka kwa funguo moja!" aliwatambia watu wa Uru.
Hakuna aliyemuuliza linasimama kwa ngapi.
Na mteremko ulipofika alizima injini
aokoe petroli, tukashuka bila mngurumo hadi Rau,
migomba ikipita, upepo ukipiga mluzi dirishani,
pedali ikigeuka jiwe chini ya kiatu chake,
maana injini ikilala, msaidizi wa breki naye hulala.
Hilo sikulijua.
Nilidhani ugumu ni wa mguu wake.

Nakunda anasoma vyuma kama anasahihisha daftari.
Pedi ya kushoto imebaki unene wa sarafu,
ya kulia karibu mpya:
"Pistoni ya huku imeshikwa na kutu, haisukumi.
Ndiyo maana lilikuwa linakuvuta mtaroni."
Ngoma za nyuma atazikereza, bado zina nyama.
Diski za mbele, nyembamba kama sufuria ya mama ntilie,
tunazitupa. Juu ya gunia ziko nyingine, pana,
zenye matundu ya kupumulia ubavuni,
zimetoka kwenye Karina iliyozaliwa baadaye,
pamoja na kaliper zake na mipira isiyopasuka.

Nikasema, basi na nyuma tuweke diski, tumalize.
"Tulia. Nyuma ikishika kuliko mbele
mkia utakupita konani.
Hela inayobaki nunua tairi."

Kisha kutoa upepo.
Mimi kitini, yeye chini na mrija na chupa.
"Kanyaga."
Nimekanyaga.
"Shika."
Nimeshika.
"Usiachie mpaka niseme."
Kuanzia gurudumu la mbali, kuja la karibu,
vipovu vikipanda chupani, vidogo, vya kipuuzi,
huwezi kuamini kwamba hivyo ndivyo vinavyoua.
Na pedali iliyokuwa ikizama kama mguu topeni
ikaanza kunijibu.

Alipozunguka kuchukua kitambaa upande wa abiria
akasita. Akainua kapeti.
"Na hapa palikuwa na pedali gani?"
Lilikuwa limetoboka. Tundu la ukubwa wa kisigino,
bati linang'aa kwa kusuguliwa.

Pa mama.
Miaka ishirini na sita ya Jumapili,
vidole kwenye rozari, mguu ukifunga breki
ambazo hakuwa nazo,
na baba akicheka: "Unatoboa gari langu wewe!"

Jana nilimpeleka kanisani. Wakati wa kurudi
injini ikinguruma, gia ya pili,
mbuzi akaruka kutoka kwenye kahawa.
Niligusa tu. Gari likainama kidogo
kama mtu anayesalimia, likasimama,
mbuzi akavuka bila haraka.
Nikamgeukia mama ili anisifu.
Alikuwa anatazama barabara,
mguu wa kulia umekakamaa kwenye kapeti jipya.

"Tumebadilisha diski, mama."
"Nimesikia," akasema.
Hakuuondoa.