Mzizi wa Tatu

Vitabu vilimfunza Daktari Birgitte:
gego la chini, mizizi miwili.
Akaisafisha, akaiziba yote miwili,
na Malik usiku hakulala.

Leo Sisimiut theluji imefunika dirisha.
Ameipiga eksirei kwa mshazari,
kama mtu achunguliaye nyuma ya mlango:
kivuli chembamba upande wa ulimi,
kimejikunja kama ndoana.
“Kumbe upo!”

Malik, mdomo wazi, ganzi hadi sikioni,
hawezi kumwambia
kwamba la mama yake, liliponga'olewa kwa koleo,
lilitoka na miguu mitatu.
Limo kabatini, kwenye kopo la tumbaku.

Tupa, nyembamba kama unywele,
inashuka, inapinda,
inakwama, inashuka.
Aliyelichonga taya hili
hakukisoma kitabu kile.

Saa ya pili, Malik anakoroma kitini.