Abiria Asiyepanda

Kila dakika tano, usiku na mchana,
Endel Raudsik huingia kwa mlango wa mbele
kama mtu yeyote: huandika jina, nywila,
huchagua Rohuküla kwenda Heltermaa,
kivuko cha asubuhi, nafasi moja, hana gari,
hubonyeza Lipa.
Akishapewa tiketi huifuta, akatoka.
Kwa siku, mara mia mbili themanini na nane.
Kwa mwaka, tiketi laki moja na ushei,
na unyayo wake haujakanyaga sitaha.

Ni mimi niliyemuumba, mistari tisini ya msimbo,
nikampa jina la babu.

Babu mwenyewe alikuwa hivi:
wageni wakitarajiwa saa kumi alasiri,
saa tisa hutoka nje kwenye theluji, akafunga mlango,
akabonyeza kengele ya nyumba yake.
Bibi yuko jikoni, mikono imejaa unga:
"Nani tena?"
"Mimi! Imelia?"
"Imelia! Ingia, mwendawazimu wewe!"
Huingia ameridhika, akipangusa viatu mara ya pili.
Nilicheka wakati ule.
Sasa nalipwa mshahara kwa jambo hilohilo.

Ofisini kwetu Tartu, skrini sita ukutani.
Mashine zote kijani: joto, diski, kumbukumbu.
Lakini mashine ukiiuliza hujambo, itakwambia sijambo;
hata anayekata roho hujibu sijambo.
Ndiyo maana siiulizi.
Namtuma Endel, kisha natazama
anarudi baada ya muda gani.

Novemba. Saa tisa na dakika tano usiku.
Kawaida yake ni sekunde mbili.
Akarudi baada ya tisa.
Nikamngoja tena: tisa.
Tena: tisa na kitu.
Kaupo, mwenzangu wa zamu, miguu juu ya meza:
"Kisiwa kizima kimelala, Urve.
Hakuna mteja hata mmoja. Nani anaumia?"
"Endel," nikasema.
Akacheka peke yake.

Nikamfuata hatua kwa hatua,
kama afuataye nyayo za mlevi thelujini.
Kuingia, sawa. Kuchagua safari, sawa. Nafasi, sawa.
Lipa: hapo kasimama,
sekunde saba nzima, kofia mkononi,
kwa kuwa mfumo wa malipo ulianza kwanza kubisha
kwenye seva tuliyoizima saa tisa usiku huohuo,
mimi na Kaupo, tukapeana mikono.
Ulibisha, ukangoja, ukakata tamaa,
ndipo ukakumbuka seva mpya;
na kwa mteja wa pili ukarudia yaleyale, haujifunzi.
Hodi, hodi, nyumba ya marehemu.

Mstari mmoja tu wa anwani, nikaufuta.
Kaupo alishusha miguu, akanisomea namba kwa sauti ya chini,
mara mbili, ili nisikosee.
Saa kumi na nusu, Endel: sekunde mbili.

Saa kumi na mbili kisiwa kikaamka, Jumatatu,
mamia wakinunua kwa mpigo:
walimu, mwashi mmoja na ngazi yake,
labda na Hilja fulani wa Kärdla
anayewahi hospitali ng'ambo kusafishwa damu,
kidole kinamtetemeka,
na skrini ikikwama hudhani ni yeye aliyeiharibu.
Sijui kama yupo. Hakuna aliyepiga simu.
Kazi hii ukiifanya vizuri, huna la kusimulia nyumbani.

Wiki iliyofuata nilimwongezea Endel hatua moja:
akishafuta tiketi, kabla ya kutoka,
angoje sekunde moja, asifanye lolote.
Haipimi kitu. Kaupo aliiona kwenye msimbo,
akaniuliza ya nini.

Nikamwambia: mzee akimaliza shughuli zake bandarini
husimama kidogo,
akayatazama maji.

Kaupo akaipitisha bila kuandika neno.